Nguvu Iliyoingia Bila Kufungua Kapo

Nimewahi kusimama kando ya barabara nikiomba injini ife, na injini hiyo niliijenga mimi mwenyewe, pistoni baada ya pistoni, kwenye ua wa nyumba yangu.

Ilikuwa mchana, kwenye mpando wa kutoka Kolwezi kuelekea Mutoshi. Nilikuwa nimeitwa kuangalia lori la rafiki lililochemka, na nilikuwa nangoja lipoe ndipo nifungue rejeta. Malori ya madini yalikuwa yanapanda polepole, moja nyuma ya jingine, yakitifua vumbi jekundu. Mara ikatokea pick-up nyeupe yenye magunia kupita urefu wa paa lake. Ikachomoka nyuma ya malori, ikayapita mawili palepale kwenye mpando, ikapiga honi, na mkono wenye bangili ukanipungia kutoka dirishani. Alikuwa Mama Ngalula, mfanyabiashara wa mahindi na maharage, mteja wangu wa miaka mingi. Kwa mzigo ule, kwenye kilima kile, nilikuwa nimeizoea pick-up yake ikipanda kwa gia ya pili huku inalia. Siku ile ilipita kama haina kitu mgongoni. Nikasema moyoni: kufa. Kufa hapo juu, mbele ya watu wote, nami nione.

Haikufa. Nilibaki na vumbi lake mdomoni.

Vijana wangu, mnaojifunza kazi hii katika garaji za mjini kwetu, nawaandikia kuhusu nguvu. Kila mteja ataiomba. Nilifanya kazi ya injini za dizeli tangu nikiwa na nywele nyingi mpaka kampuni ya mgodi iliponistaafisha, na baada ya hapo nikaendelea nyumbani kwa wale walionijua. Katika miaka yote hiyo sikumbuki mteja aliyekuja kuniambia, "Tata Mutombo, punguza."

Zamani nguvu ilikuwa inakaa kwenye skrubu. Pampu ya mazutu, yaani dizeli, ilikuwa ya chuma tupu, haina waya wa maana, na ubavuni ilikuwa na skrubu ndogo iliyofungwa kwa muhuri wa risasi wa kiwanda. Ukivunja muhuri na kuizungusha kidogo, injini inakunywa mazutu zaidi na inavuta zaidi. Mimi nilikuwa mkono wa skrubu hiyo. Sisemi kwa majivuno, ulizeni wazee. Nilikuwa sitazami skrubu, natazama bomba la moshi. Moshi ukianza kuwa wa kijivu wakati wa kukanyaga, narudisha kidogo, nafunga. Walikuja madereva kutoka mpaka Kisenge kwa ajili ya mkono huo. Wake zao waliniletea kuku.

Mwalimu wangu, Tata Kasongo, mkuu wa garaji ya mgodi, alikuwa na pistoni moja juu ya meza yake. Ilikuwa na tundu katikati, kingo zake zimeyeyuka kama mshumaa. Ilitoka kwenye lori ambalo dereva wake alinitazama nikizungusha skrubu, akarudi nyumbani akaizungusha mwenyewe, akafurahi, akazungusha tena. Tata Kasongo alikuwa anatuwekea pistoni hiyo mikononi. Kisha anasema: "Mazutu mingi, hewa kidogo, moto inakosa pa kwenda. Inatoboa." Hilo lilikuwa somo lake zima juu ya nguvu, na mpaka leo sijasikia lililo bora zaidi.

Alitufundisha na jambo jingine, nalo ndilo lililoleta ugomvi ninaotaka kuwasimulia. Tulikuwa tunaliita kuomba kapo. Kapo ni ule mfuniko wa mbele unaoifunika injini. Ikiwa injini imejengwa na fundi mwenzako, na mwenzako yuko hai na yuko mjini, huifungui kapo yake kabla ya kwenda kwake. Unakwenda, unasalimu, unasema, "Naomba kapo ya motokari ya fulani." Yeye anakueleza anayoyajua: bolti ipi uzi wake umechoka, wapi alikaza kwa hofu, nini alikiacha kwa sababu kipuri hakikupatikana. Halafu anasema, "Fungua." Sijawahi kumsikia fundi aliyekataa. Watu wa nje walidhani ni heshima tu. Ilikuwa ni kupokea habari za mgonjwa kutoka kwa daktari wa kwanza.

Sasa nirudi kwenye pick-up. Jioni ya siku ile Mama Ngalula alisimama mbele ya lango langu, akazima injini palepale, akateremka akicheka.

"Tata Mutombo! Uliona namna inapandaka sasa?"

"Niliona, mama. Nani aliigusa?"

"Tata Kalenga. Alikuya na ordinatere yake, akaweka kamba chini ya usukani, tukakunywa chai, ikaisha. Hata mikono hakuchafua!"

Kalenga! Huyo nilifanya naye kazi mgodini. Tulimwita Notere, yaani karani wa hati, kwa sababu mikono yake ilikuwa safi kama ya mtu wa kupiga mihuri. Spana ya kumi na tatu alikuwa anaipoteza ikiwa mfukoni mwake. Injini ikigonga, sisi tunaweka fimbo ya chuma sikioni kutafuta mahali, yeye alikuwa anauliza, "Inagonga?" Akastaafu nyuma yangu. Mwanawe aliyeko Lubumbashi akamletea kompyuta, hiyo ordinatere, na nyaya, akamfundisha kusoma akili ya motokari za siku hizi na kuiandika upya. Leo mbele ya nyumba yake kuna foleni ya jeep. Mbele ya kwangu kuna kuku, na siku hizi ni wale niliowafuga mwenyewe.

Sikulala vizuri. Mke wangu alinitazama asubuhi nikichungulia barabarani kila gari likipita, akasema: "Baba Odia, ile moshi uko unatafuta haitoke ku motokari ya Mama Ngalula. Inatoka kwako."

Nilikwenda kwa Kalenga. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kompyuta mapajani, miguu ndani ya kandambili.

"Notere, umefungua kapo yangu bila kuniomba."

"Yaya Mutombo," akaniita, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "karibu, ikala. Mi sikufungua kapo. Uliza mama mwenyewe. Kapo ilibakia ya kufunga, mi nilikuwa mu kiti ya shofere."

"Lakini uliigusa injini."

"Niligusa kitufe." Akacheka mpaka kiti kikalia. "Yaya, wewe ulizungushaka skrubu, mi nazungusha skrubu. Yangu tu haiko na mafuta."

Hapo ndipo aliponiumiza, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ni skrubu ileile, iliyohamia mahali ambapo mkono wangu haufiki. Ndani ya kisanduku cha akili ya injini kumeandikwa: kwa mwendo huu nyunyiza mazutu kiasi hiki, wakati huu, na turbo ipulize hewa kiasi hiki. Turbo ni ile feni inayozungushwa na moshi wa injini na kuisukumia hewa ndani. Kalenga anaongeza mazutu, anaongeza pumzi ya turbo, basi.

Swali la kumuuliza fundi wa kompyuta ni hili: hiyo nguvu unaitoa wapi? Haitoki kwenye waya. Kiwanda kiliiacha ndani kama akiba, na hakikuiacha kwa ujinga. Kiliiacha kwa ajili ya watu kama sisi, wenye mazutu ya kununua kwenye bidoni za plastiki bila kujua imechanganywa na nini. Wenye vumbi la barabara za madini linaloziba chujio la hewa kabla hujakumbuka kulisafisha. Wanaoishi juu huku kwetu ambako hewa ni nyepesi. Wanaopakia mpaka springi zinyooke. Akiba hiyo ikiliwa, injini haifi siku hiyo. Inaanza kuishi bila akiba. Na programu ya Kalenga, alinikubalia mwenyewe, iliandikwa na watu wa ng'ambo wanaoendesha kwenye lami, karibu na usawa wa bahari.

Jambo moja nilitaka sana limshinde, halikumshinda: alikuwa ameinakili programu ya kiwanda kabla ya kuigusa, na kuihifadhi mahali pawili. Fanyeni hivyo, vijana. Fundi asiyekuonyesha nakala ya kwanza, mfukuze. Iliniuma kumwona Kalenga, aliyekuwa anapoteza spana, hajapoteza hiyo.

Nikaanza kufuatilia. Mke wangu aliita upelelezi; mimi naita kazi. Nilipita sokoni pick-up ikiwa imeegeshwa, nikaingiza kidole ndani ya ekzosi: masizi laini meusi, mengi. Nilisimama kwenye kona ya kutokea mjini nikaangalia anavyoondoka na mzigo: wingu jeusi, kisha linasafika. Nikamwomba Mama Ngalula anichukue mpaka Mutoshi, nikasema nina shughuli kule. Sikuwa na shughuli.

Nitawaambia ukweli wa safari hiyo. Ilikuwa tamu. Alikanyaga, na mgongo wangu ukasukumwa kwenye kiti. Mpando uliokuwa unamtoa jasho aliupanda akisimulia habari za harusi ya mpwa wake. Nilikaa pale nikiisikia injini yangu, sauti ninayoijua kama kikohozi cha mke wangu, ikifanya jambo ambalo mimi sikuweza kuiwezesha kulifanya. Kuna wivu wa kuona mwenzako amepata mteja wako. Huu ulikuwa mwingine. Ilikuwa kama kumsikia mtoto wako akicheka kwa furaha ndani ya nyumba ya jirani.

Lakini pua yangu ilikuwa kazini. Kwenye kona ya juu, alipoachia klachi kwa nguvu, nilisikia harufu ya kuungua, kama nywele. Klachi ilitengenezwa kushika nguvu ya kiwanda. Ukiongeza nguvu, inateleza kidogo, na kila ikiteleza inajila yenyewe. Kwenye mteremko nilishika mlango. Breki hazikuandikwa upya na mtu yeyote. Ni zilezile, sasa zinasimamisha gari linalofika chini kwa kasi mpya. Na tulipofika, akafanya alichofanya mbele ya lango langu: akazima palepale.

"Mama," nikamwambia, "usizimake mara moja. Turbo iko na moto sana, inazunguka bado. Ukizima, mafuta inaacha kuipita, inakauka ndani. Acha ingurume polepole kwanza, hesabu magunia yako, njo uzime."

"Tata Kalenga hakuniambia ile."

"Yeye anajua ordinatere."

Nilisema hivyo kwa raha, nakiri ilikuwa tamu kuliko chai. Akanitazama kando.

"Tata, wewe na Tata Kalenga muko mnapigania motokari, ama muko mnanipigania mi?"

"Motokari, mama."

"Aya. Basi mutengeneze. Juu mi niko nakula kwa hii motokari. Batoto banasoma kwa hii motokari. Ikikufa ku njia ya Lubudi, hakuna wa kunisukuma, hata wewe, hata Notere yako."

Hilo ndilo lililokuwa chini ya kapo, vijana, tangu mwanzo. Mahindi ya Lubudi yananunuliwa wakati wa mavuno, na anayechelewa anakuta wengine wamepakia. Pick-up hiyo ndiyo mume, shamba na duka la mama huyo.

Msimu ukaendelea. Injini haikufa. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku ya kuitwa, nimeshatunga hata maneno nitakayomwambia Kalenga, na siku hiyo ilikuwa inakataa kuja. Wateja wangu wawili wa mwisho wakaenda kwake kuandikiwa nguvu. Mmoja akapitia kwangu kunisalimu, kwa heshima, kama mtu anayepita kwa mgonjwa.

Halafu, asubuhi moja, nikasikia mtu anagonga lango. Alikuwa Kalenga, amevaa viatu. Nyuma yake pick-up nyeupe, na Mama Ngalula kando ya mlango wake, mikono kiunoni. Kalenga hakucheka. Akavua kofia.

"Yaya Mutombo. Naomba kapo."

Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nimeyangojea maneno hayo kwa muda mrefu, na yalipofika nikakuta yana uzito wake. Mtu akiomba kapo, ni lazima umpe habari za mgonjwa. Zote.

"Inakula mafuta," akasema. "Ya injini. Mama anaongeza kila safari. Hapa chini hakuna kitonya. Inaenda wapi, mi sijue."

Basi nikamweleza. Nilimwambia kwamba nilipoijenga injini hiyo, silinda ya tatu ilikuwa na mkwaruzo mwembamba, wa kuhisi kwa ukucha tu. Kuitoboa upya kulitaka kupeleka bloku Lubumbashi na kungoja. Nilimwonyesha Mama Ngalula mkwaruzo wenyewe, nikamwambia itafanya kazi vizuri kwa nguvu yake ya kawaida. Akasema ijengwe hivyohivyo, mavuno yanangoja. Ikafanya kazi vizuri kwa nguvu yake ya kawaida.

Uso wa Kalenga ulifunguka. "Kumbe! Basi ni segma zako, yaya. Mafuta inapitia ku silinda yako." Segma ni pete za pistoni zinazozuia mafuta yasipande.

"Ungeniomba kapo mbele ya kuigusa, ningekuambia usiikaze. Wewe uliweka programu gani?"

Akatazama viatu vyake. "Ile ya nguvu kabisa. Mama aliomba."

"Basi ni turbo. Umeizungusha kupita kiasi na inazimwa na moto wake. Imekauka, inatema mafuta ndani ya bomba la hewa."

"Segma."

"Turbo."

"Batata," Mama Ngalula akasema, "mi napakia leo."

Kuna njia ya kujua, na ninawaachia, kwa sababu haihitaji kompyuta wala fimbo ya sikioni. Injini ina mpira mdogo wa kupumulia, unaotoa mvuke wa ndani na kuurudisha kwenye bomba la hewa. Uchomoe mpira huo, ziba tundu lake kwenye bomba, na mdomo wa mpira uingize ndani ya chupa ya plastiki uliyoitoboa pembeni ili ipumue. Futa bomba la hewa likauke kabisa. Kisha gari lipige safari yenye mzigo. Mafuta yakiwa ndani ya chupa, segma zimechoka na moto wa silinda unayasukuma nje. Chupa ikiwa kavu na bomba limelowa, turbo ndiyo inayotema.

Tukafungua kapo pamoja. Sikutegemea hilo. Kalenga alishika tochi. Mimi nilifuta bomba kwa kitambaa mpaka likang'aa. Spana aliniletea mwenyewe, na ilikuwa ya kumi na tatu. Chupa tuliifunga kwa waya karibu na betri. Nikamwambia Mama Ngalula arudishiwe kwanza programu ya kiwanda, kwa safari hii tu. Kalenga, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, aliniunga mkono. Alikuwa ameshatoa kamba yake ya kompyuta.

"Na mzigo ule?" mama akasema. "Ku mipando ile? Nirudie gia ya pili, bantu bote banipite? Hapana. Nitaacha ingurume mbele ya kuzima, kama ulivyosema, na nitaongeza mafuta. Kesho kutwa nitakuwa hapa."

Akaondoka. Tuliangalia moshi mpaka ulipopotea, wazee wawili langoni, kila mmoja akiutafutia rangi yake. Moshi wa bluu ungekuwa jibu. Ulikuwa mweusi tu, kisha ukasafika.

Kalenga akaketi kwenye benchi langu. Mke wangu akamletea chai, akamwuliza kama anataka na sukari, kwa sauti aliyokuwa akinitumia mimi zamani. Nilihesabu alivyokunywa: kikombe kizima. Bado namwonea wivu, na simwombei chochote kibaya, isipokuwa bomba lililolowa. Yeye, najua, alikuwa anaiombea chupa ijae. Kati ya maombi yetu mawili hakuna hata moja linalomfaa yule mama. Nililiona hilo pale benchini. Nadhani hata yeye aliliona, kwa sababu alisogeza kikombe kando na kutazama barabarani.

Kesho kutwa imepita. Dereva mmoja aliyetoka Lubudi anasema aliiona pick-up nyeupe imesimama kando ya barabara, kapo juu. Mwingine aliyetoka nyuma yake anasema aliikuta inapanda na mzigo, tena vizuri. Simu ya Mama Ngalula haipatikani. Kule mtandao ni wa kubahatisha. Kalenga amekuja tena asubuhi hii bila kompyuta, tumeketi langoni, macho barabarani. Chupa iko huko mbele, imefungwa kwa waya karibu na betri, na hatujui kama ina kitu ndani.